HMS Belfast pale London: usiishie deki ya juu

Watu wakifika London lazima wapige picha na Tower Bridge, na kwenye nusu ya hizo picha pembeni kuna limeli la kijivu limetulia mtoni ambalo hakuna anayeuliza ni la nini. Ndo HMS Belfast hiyo, manowari ya kweli kabisa, ilishushwa majini 1938 na ikapigana vita vya pili vya dunia, siku hizi unakata tiketi unaingia unajizungukia mwenyewe deki zote tisa, kuanzia juu kwa nahodha mpaka chini kwenye maboila, yaani mitambo ya kuchemsha maji yawe mvuke wa kuendeshea meli. Mimi nilienda kuangalia mizinga, nikatoka naongelea majiko na ngazi.

Tuanze na hela maana najua ndo mnachotaka kujua. Bei imechangamka, mtu mzima ni zaidi ya pauni 20, na kinachouma ni kwamba Imperial War Museum, yaani makumbusho ya vita ya Uingereza, ambao ndo wenye meli tangu 1978, jengo lao kubwa la hapohapo London unaingia bure. Sawa, chuma kilichokaa kwenye maji miaka yote hiyo kinakula rangi na mafundi kila siku, naelewa, ila mkiwa familia ya watu watano mtajikuna kichwa kidogo.

Deki ya juu ni ya picha, wala haina ubishi. Mizinga 12 ya inchi 6, mitatumitatu kwenye mabanda manne ya chuma, na ile ya mbele wameielekeza makusudi kwenye kituo cha kupumzikia madereva barabara ya M1, kama kilomita 18 kutoka hapo, ili upate picha kombora lake lilikuwa linafika wapi. Hawa jamaa wa kituo sijui walikosa nini. Sasa wageni wengi wanaishia hapo, selfi na mzinga, selfi na daraja, wanashuka wanaenda zao, na hapo ndo hela inapotea bure kwa sababu utamu wote uko chini.

Ngazi zenyewe kwanza. Ni za chuma, zimesimama wima kiasi kwamba unashuka kinyumenyume uso umeangalia vipandio, mikono yote miwili imeshika, kwa hiyo begi liwe la mgongoni na dogo, raba miguuni, na dada zangu gauni refu liacheni hotelini. Ukifika vyumba vya mabaharia unaelewa neno kubanana, vitanda vya turubai vimening'inizwa darini kimoja kinakaribia kugusa kingine, chini yake ndo meza ya chakula hiyohiyo, na meli hii wakati wa vita ilibeba watu mpaka 950. Kuna jiko, kuna sehemu ya kuoka mikate, kuna dobi, kuna chumba cha upasuaji, kuna kanisa, na kuna selo za wakorofi. Yaani mji mzima wenye mtaa wa wakubwa na uswahilini kwake, maana ukipita vyumba vya maofisa unaona kabisa wao walikuwa wanalala kama watu.

Halafu shuka tena, usichoke. Kwenye stoo ya makombora, kila kombora moja lina karibu kilo 50, na kuna vijana kazi yao ilikuwa kuyapakia kwenye lifti yapande kwenye mizinga, wako chini ya usawa wa maji, milango imefungwa, nje wanapigana na wao hawaoni kitu. Chumba cha boila nacho kilikuwa kinajazwa hewa ya presha ili moto uwake vizuri, ndo maana mlango wake ni wa awamu mbili, unafunga wa kwanza ndo unafungua wa pili. Mabomba, mageji, magurudumu ya kufungia mvuke, huwezi kujua lipi linaenda wapi, na yote hayo yalikuwa yanasukuma meli mpaka noti 32, yaani kama kilomita 59 kwa saa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kuhusu historia, simulizi lililonikaa ni la 26 Desemba 1943, bahari ya kaskazini ya Norway, giza la siku nzima na baridi ile ya kugonga barafu kwenye deki kwa shoka. Belfast ilikuwa inaifuatilia kwa rada manowari ya Wajerumani, Scharnhorst, mpaka meli nyingine za Waingereza zikafika, wakaizamisha Scharnhorst. Kwa zaidi ya watu 1,900 waliokuwemo waliokolewa 36. Ukishatoka kule chini kwenye boila, hiyo namba unaisoma tofauti kabisa.

Na kwa Watanzania, hii hapa: Desemba 1961 meli hii ilikuwa Dar es Salaam, mabaharia wake ndo walikuwa gwaride la heshima la Waingereza kwenye sherehe za uhuru wa Tanganyika. Kwa hiyo kuna wazee wetu waliiona bandarini bila kulipa hata senti.

Kilichoniboa ni midoli ya watu waliyoiweka humo ndani kuigiza mabaharia. Yule aliyekaa kwa daktari wa meno anatisha watoto na hamfundishi mtu kitu, vyumba vyenyewe vinajieleza vizuri tu vikiwa vitupu.

Nenda asubuhi wakifungua, pita mizinga bila kusimama, anzia chini kabisa miguu ikiwa bado ina nguvu halafu upande. Wenye magoti mabovu na wanaotumia viti vya magurudumu wataona sehemu ndogo tu, kwao bei hiyo sioni kama inalipa. Wengine wote nyota 4 kati ya 5, na ile moja wakaidai kwa midoli.