Programu Ipi Ichaguliwe kwa Kutia Rangi Picha za Zamani: Mwongozo kwa Wakazi wa Iringa na Mbeya

Nyumba nyingi za Iringa na Mbeya zina picha nyeusi na nyeupe zilizotunzwa katika bahasha chini ya sanduku la nguo, na wajukuu hutaka kuzitia rangi kabla ya jubilei au harusi. Programu nne zilizopangwa hapa zimepimwa kwanza kwa kigezo kimoja kikuu, yaani uhuru ambao kila moja inampa mtumiaji wa kuamua rangi mwenyewe. Picha ya aina hii haikuhifadhi rangi bali kiwango cha mwanga tu, hivyo kanga nyekundu na kanga ya kijani zinaweza kutoka na kijivu kilekile, na hakuna kompyuta itakayojua ilivaliwa ipi. Bibi anaweza kujua.

Ya kwanza ni GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Msomaji ataona ajabu mwongozo wa ununuzi kuanza na kitu kisichouzwa, lakini programu hii, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, hulipiwa bando la kuipakua tu, na baada ya hapo hufanya kazi bila intaneti. Mtumiaji hufungua tabaka jipya, yaani kama karatasi angavu inayolazwa juu ya picha, ambalo vijana wa studio huliita leya, kisha hulichagulia hali ya kuchanganya inayobadilisha rangi peke yake na kuacha mwanga na kivuli kama vilivyokuwa. Hapo brashi ya hudhurungi ikipita usoni, mikunjo ya ngozi hubaki. Kila kitu kiwe na tabaka lake: ngozi, nguo, ukuta, ardhi. Shangazi akisema gauni lilikuwa la zambarau, litabadilishwa hilo peke yake. Ngozi isipakwe rangi moja tu, kwa sababu midomo, masikio na viganja vina wekundu wake, na kwa picha zilizopigwa Iringa, vumbi jekundu la ardhi hurudisha rangi yake kwenye pindo za nguo na viatu.

Photoshop inashika nafasi ya pili. Zana zake za kuchagua sehemu ya picha ni nyepesi zaidi, na tangu mwaka 2020 ina kichujio, yaani zana ya kubadilisha picha, kinachotia rangi chenyewe. Kasoro yake ni malipo, kwani hulipiwa kwa kipindi na kwa kadi inayokubali malipo ya mtandaoni, jambo linalofaa mwenye studio Mwanjelwa anayepokea kazi kila wiki kuliko mtu mwenye picha kumi za ukoo. Nakala za wizi zinazopitishwa kwa flashi ziepukwe. Moja iliwahi kunijazia virusi kompyuta nzima.

Photopea, ya tatu, hufunguka ndani ya kivinjari, ina matabaka yaleyale, na picha hushughulikiwa kwenye kompyuta ya mtumiaji bila kupelekwa kwingine. Ni ya bure ikiwa matangazo hayakukeri.

Huduma zinazotia rangi zenyewe, kama ile ya MyHeritage, tovuti ya kutafiti ukoo, iliyoanza mwaka 2020, nimeziweka mwisho. Hukisia kutokana na picha nyingine zilizofundishiwa, na ngozi nyeusi mara nyingi hutoka na kijivu kilichofifia. Mtu mwenye picha ya sherehe za Uhuru za Desemba 1961 aikague bendera kwa makini: ya Tanganyika ilikuwa ya kijani yenye mstari mweusi katikati na kingo za manjano, na bluu iliingia baada ya Muungano wa 1964. Hata hivyo matokeo ya huduma hizi yanaweza kuwekwa ndani ya GIMP kama tabaka la kuanzia, yakapunguzwa ukali na kusahihishwa kwa brashi.

Fedha iliyookolewa kwenye programu itumike kwenye skana. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa nukta 2,400 kwa 3,600, zinazotosha kuchapishwa kwa ukubwa maradufu. Faili lihifadhiwe kwa aina ya TIFF, kwa kuwa aina ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohifadhiwa upya, na nakala isiyoguswa iwekwe kando kabla ya brashi ya kwanza.