Flashi ya kampuni ya kamera yako (Canon, Nikon) au Godox? Kwa wanaopiga sherehe hapa Mwanza

Juzi dogo kanipigia yuko dukani mjini, anauliza achukue flashi ya Canon yuzidi au ya Godox mpya, hela yenyewe ya sendofu mbili tu. Nikamwambia nitajie kamera kwanza. Akasema Canon 2000D. Ngoja hapo hapo: 2000D, 4000D na 250D pale juu unapopachika flashi hazina ile pini ya katikati inayoiamrisha flashi ilipuke, kwa hiyo flashi za manyuo tupu (pawa unapanga mwenyewe kwa mkono) kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV zinakaa tu kama pambo, taa inawaka vizuri ila ukipiga picha kimya.

Namba moja kwangu ni Godox TT685 II. Inaongea na kamera kupitia pini nyingine na kupima mwanga yenyewe, ina redio ndani, na ina HSS (flashi kufanya kazi hata shata ikiwa ya kasi kubwa), ambayo utaijua thamani yake jioni pale Bismarck Rock, maharusi wako mbele, jua linazama ziwani nyuma yao, unataka f/2.8 (tundu la lenzi wazi sana) na kamera bila HSS inakubania kwenye shata ya 1/200 ya sekunde hivi, mbingu yote inakuwa nyeupe. Angalia herufi tu: C ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, usibebe ya jirani. Na ipachike kwenye kamera yako kabla hujalipa.

Inakula betri nne za AA na hapa ndo watu wanaumia. Mimi niliwahi kuingia ukumbini Igoma na betri za bei chee, ikafika keki, bibi harusi kanyanyua kipande, napiga moja inatoka, ya pili flashi bado inajaza, bwana harusi kashatafuna. Tangu siku hiyo nina za kuchaji seti mbili, kila seti na kimfuko chake.

Namba mbili Godox V860III, betri yake ni ya lithiamu, chaji moja kama mapigo 480 ya pawa kamili. Tamu sana, ila umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi ndo imekula kwako, wakati AA hata kwa Mangi unazipata.

TT600 naiweka tatu, chukua kama flashi ya pili, isimamishe kwenye stendi kona ya ukumbi uilipue kwa redio kutoka kwenye ile TT685 II iliyo juu ya kamera, hapo suala la pini halipo.

Canon 600EX II-RT na Nikon SB-5000 ni vyuma, sibishi, hiyo Canon imezibwa vumbi na maji, kwa anayeshinda mialoni na kwenye mitumbwi ina maana. Ila bei yake mpya unabeba Godox mbili na chenji inabaki. Yuzidi piga pawa kamili mara tano, ikichukua sekunde kumi kujaza na betri ni nzima, mrudishie mwenyewe.

Dogo kachukua 685 na betri nane, Canon kaiacha kabatini.