L7, Bricks Are Heavy (1992): isikilize kwa sauti kubwa, uzoefu wangu

Hii albamu nimeisikiliza miaka mingi na leo nimeirudia yote kwa hedifoni, kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, na ninachotaka kusema ni kwamba uzito wake unatokana na kutokua na haraka. Bendi nyingi za roki zikitaka kusikika nzito zinaongeza spidi na makelele, hawa wadada wanapunguza spidi, wanakaa kwenye rifu moja, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, wanaisaga mpaka unajikuta kichwa kinatikisika chenyewe.

Kwa asiyewajua, L7 ni bendi ya Los Angeles, Donita Sparks na Suzi Gardner wako kwenye magitaa, Jennifer Finch besi, Dee Plakas drams. Hii ni albamu yao ya tatu. Ile ya kabla yake, Smell the Magic ya 1990, naipenda sana ila sauti yake imejaa vumbi, gitaa na besi vimegandana huwezi kujua nani kafanya nini. Hapa prodyuza ni Butch Vig, yule yule wa Nevermind, albamu ya bendi ya Nirvana iliyotoka 1991 ikiwa na sauti safi, na kuna watu wakisikia jina lake wanaamua kabla hata ya kusikiliza kwamba atakua amewalainisha. Sikubaliani nao kabisa. Kawapa nafasi, kila chombo kina mahali pake, besi ya Jennifer inasikika inanguruma chini kabisa na drams za Dee zinapiga kifuani, afu juu yake sauti za kuimba zimekaa wazi unashika kila neno. Uchafu wa gitaa upo pale pale, tofauti ni kwamba sasa unauona vizuri.

Inaanza na Wargasm na sidhani kuna mwanzo bora zaidi, wimbo unashambulia watu wanaoangalia vita kwenye tv kama burudani, na huu ni mwaka mmoja tu baada ya vita ya Ghuba. Kuna na sauti ya msanii Yoko Ono humo ndani. Kumbuka L7 ndo walioanzisha Rock for Choice 1991, matamasha ya kutetea haki ya mwanamke kuamua kuhusu uzazi wake, kwa hiyo hasira ya hapa ina kazi inafanya, wanajua wanamkasirikia nani na kwanini.

Pretend We're Dead ndo iliyowatoa, ilifika namba 8 kwenye chati ya roki ya kisasa Marekani na namba 21 Uingereza. Rifu yake nyepesi kabisa, mtu anayejifunza gitaa anaweza kuipiga, lakini msikilize Donita anavyoimba, hapandishi sauti, anaimba kama mtu aliyekinai na anakwambia wewe unayekaa kimya na mambo yanaharibika ni sawa na maiti. Kiitikio kinanata balaa. Mimi bado kinanisisimua.

Ila ngoma yangu humu ni Everglade. Jennifer ndo anaimba, inahusu msichana kaenda kwenye shoo kafurahia muziki wake mbele ya jukwaa, linakuja jamaa limelewa linamsukumasukuma na yeye hakubali. Basi, hadithi yote ndo hiyo, na kila dada aliyewahi kusimama mbele kwenye shoo ya roki anaijua. Naipenda kwasababu haombi kuhurumiwa hata sekunde moja, anatoa onyo na gitaa linamuunga mkono.

Diet Pill inakokota mguu vizuri sana, mwanamke anasema kidonge cha kupunguza unene kinaanza kumuishia nguvu mwilini na unasikia kabisa uvumilivu nao unaisha. Shitlist wengi wameijulia kwenye filamu ya Natural Born Killers ya 1994, ni orodha ya watu waliomkera anayeimba, hiyo usiisikilize kwa sauti ndogo tafadhali.

Kasoro ipo. Katikati baada ya Everglade naona inapoa kidogo, Slide ni ya kawaida na One More Thing inavuta muda mrefu kuliko ilichobeba, Mr. Integrity ndo inakuja kuamsha tena. Lakini albamu yote ina nyimbo 11 na haifiki dakika 40, hata sehemu dhaifu inapita haraka.

Na jamani tuache kuisifia kama "albamu nzuri ya bendi ya wanawake". Iweke pembeni ya roki yoyote nzito ya mwaka ule, ya wanaume au ya nani, inasimama. Mi naipa 9 kwa 10, na anayeanza aanze na Wargasm na Everglade kabla ya Pretend We're Dead, maana ukianza na hit unaweza kudhani ni bendi ya wimbo mmoja.