Gone with the Wind au Lawrence of Arabia: ipi inawatendea watu haki?

Ubishi huu hauishi kati ya wapenzi wa filamu za kale: Gone with the Wind ya 1939, kuhusu Kusini mwa Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, au Lawrence of Arabia ya 1962, kuhusu afisa Mwingereza katika uasi wa Waarabu?

Kwa wanawake, Gone with the Wind inashinda kwa mbali. Scarlett, mhusika mkuu, anashika jembe, anaendesha kiwanda cha mbao na kulisha nyumba nzima. Kwenye Lawrence of Arabia, hakuna mwanamke anayetamka neno. Wanaonekana majabalini wakipigia jeshi vigelegele, basi.

Kwa rangi na asili, mambo ni magumu zaidi. Kwenye Lawrence of Arabia, Omar Sharif, Mmisri, anatokeza kwenye mazigazi akiwa juu ya ngamia, na huwezi kumwondolea macho. Lakini Amiri Faisal, kiongozi wa Waarabu, anaigizwa na Mwingereza, Alec Guinness, aliyepakwa rangi. Gone with the Wind nayo inaonyesha watumwa walioridhika na utumwa, uongo unaoniuma kila ninapoitazama. Hata hivyo, ndiyo iliyompa mwigizaji Hattie McDaniel tuzo ya Oscar mwaka 1940, Mweusi wa kwanza kuipata. Usiku ule aliketishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Uzinduzi wa filamu hiyo jijini Atlanta hakuhudhuria kabisa, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia.

Kwa urefu hazipishani sana, zote karibu saa nne.

Ukifundisha historia ya ubaguzi, chukua Gone with the Wind, ila zungumza na wanafunzi kabla ya kuiwasha. Ukitaka mjadala kuhusu Waarabu machoni pa Uingereza, Lawrence of Arabia itakufaa zaidi.