Fundi Alizitupa Nyuzi za Besi Yangu Bila Kuniuliza

Ukiamua kumpelekea fundi huyu gitaa la besi, mwambie mapema, tena mbele ya mashahidi, kwamba nyuzi haziguswi. Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa mambo yenyewe yalitokea miezi kadhaa iliyopita na watu wa nyumbani wameshachoka kuisikia habari hii. Jina la karakana silitaji. Anayepiga besi atanielewa, na asiyepiga naomba anivumilie, maana kwa mtu wa nje hili litaonekana jambo dogo.

Mimi silipwi kwa muziki. Nina kazi yangu ya mchana, na besi ni ya jioni na mwisho wa wiki. Nikirudi navaa hedifoni ili nisimsumbue mtu, narudia mstari mmoja taratibu hadi vidole viuzoee, halafu naupiga kwa kasi yake. Tuna kikundi cha marafiki: ngoma, gitaa la solo, kinanda, mwimbaji na mimi. Hatuna rekodi wala mashabiki. Ila pale mguu wa mpiga ngoma unaposhuka na kidole changu kikashuka nao, sauti mbili zikawa moja, hakuna kitu kingine katika wiki yangu kinachonipa raha ya namna hiyo. Hata nikisikiliza wimbo wa mtu mwingine, sikio langu linashuka lenyewe chini kumtafuta mpiga besi: ametulia wapi, noti gani ameibana kwa kiganja isivume, ipi ameamua kuiacha kabisa.

Sasa nieleze kilichonipeleka kwa fundi. Jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa spika, ilikuwa imelegea. Waya ukitikisika kidogo sauti inakatika, kisha inarudi kwa mlio wa kupasuka unaoweza kuua spika. Siku moja tukiwa katikati ya wimbo ikakatika moja kwa moja. Mpiga ngoma akainua kichwa, mwimbaji akageuka, mpiga kinanda akasimamisha mikono hewani. Wimbo mzima ukafa pale pale. Naomba mlishike hilo, kwa sababu linahusika na maneno aliyokuja kuniambia fundi.

Shida ya pili ilikuwa shingo. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ulikuwa unakwaruza kwenye freti za mwanzo, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, ishara kwamba shingo imenyooka kupita kiasi. Shingo ya besi inatakiwa ipinde kidogo sana kwenda mbele ili uzi upate nafasi ya kutetemeka. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, na ndani ya mbao kuna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto huo. Unaikaza au kuilegeza kwa nati yake, robo mzunguko au pungufu, unasubiri, unapima tena. Ningeweza kujaribu mwenyewe, lakini nati ile ukiilazimisha umeiua shingo, kwa hiyo nikatafuta mwenye mkono wa kazi.

Na mkono wa kazi anao. Sitadanganya hata kwa hasira. Ni mzee wa makamo, nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akalipokea gitaa kwa mikono miwili, akalilaza mezani juu ya kitambaa, akafumba jicho moja na kuchungulia shingo kutokea kichwani hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa. Akabana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na karibu na mwisho wa shingo kwa mkono wa pili, kisha akaangalia mwanya uliobaki kwenye freti ya saba. Haukuwepo. Akatikisa kichwa, akasema, “Imelala. Niachie.” Nikaondoka nikiwa na furaha kabisa. Nilimwambia kazi mbili: jeki na shingo. Sikutaja nyuzi kwa sababu hazikuwa na tatizo, na sijui nani huenda kwa fundi kumtajia vitu ambavyo havijaharibika.

Niliporudi kulichukua niliona kitu kinang'aa kabla sijafika mezani. Nyuzi mpya. Za waya wa mviringo.

Hapa lazima nifafanue. Nyuzi za besi zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya. Zikizungushiwa waya wa mviringo, uso wake unakuwa na mikwaruzo, sauti inakuwa kali, yenye mlio wa chuma, na kidole kikiteleza unasikia “zwii”. Zikizungushiwa utepe bapa, uso unakuwa laini, sauti inakuwa nene, fupi, yenye giza kidogo, na inakaa chini ya ngoma bila kugombana na mtu. Gitaa la besi la Leo Fender, yule mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, lilipoingia sokoni mwaka 1951, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo, nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida. Mimi napiga bapa. Nilizokuwa nazo zilikuwa za miaka, na nyuzi bapa zikizeeka ndipo zinapoanza kuwa nzuri: ule ukali wa upya unakwisha, jasho na mafuta ya vidole yanaingia katikati ya utepe, noti inatoka “dum” na kukaa mahali pake. Zinakuwa kama kiatu kilichokwisha kufuata mguu wa mwenyewe.

Wala si wazimu wangu peke yangu. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alitumia nyuzi bapa nzito, na wanaosimulia habari zake wanasema hakuzibadilisha mpaka uzi ukatike. Mkono wa kulia alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, kikiruka kutoka uzi hadi uzi. Kwa kidole kile na nyuzi zile kuukuu alitengeneza mistari ambayo mimi hadi leo nikiipunguza kasi nakuta noti sikuwa nimeisikia.

Nikamuuliza, “Mzee, nyuzi zangu ziko wapi?”

“Nimezitupa. Zilikuwa zimekufa.”

“Umezitupa wapi?”

Akanionyesha chini ya meza kwa kidevu. Kilichokuwa kimebaki ni kipande kimoja cha mwisho, kile chenye uzi mwekundu wa hariri uliozungushiwa sehemu inayokaa kwenye kigingi. Alizikata kwa koleo. Hata ningezikuta kwenye pipa zisingefungika tena. Na hakukuwa na sababu yoyote ya kuzivua! Jeki ya gitaa langu iko ubavuni, inafunguliwa kwa skrubu bila kugusa nyuzi. Nati ya shingo iko kichwani, na shingo inapimwa nyuzi zikiwa zimekazwa vile vile zinavyopigwa. Kazi zote mbili zingekwisha nyuzi zangu zikiwa mahali pake.

Nikamwambia zile zilikuwa nyuzi za aina yake na nilikuwa nazipenda. Akacheka kidogo, akanitazama, akasema, “Kijana, hii ni besi. Nani atasikia?”

Nani atasikia. Anayesema hivi ni mtu anayekula kwa kurekebisha magitaa. Nilikaa kimya kwa heshima ya umri wake, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Mimi nasikia! Mpiga ngoma wangu anasikia, ndiyo maana aliinua kichwa jeki ilipokata. Mwimbaji anasikia, maana noti yake ya kwanza anaichukua kwangu. Uzi wa E ukiachwa wazi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, chini mno kwa spika ya simu kuitoa, lakini hata pale sikio linaijenga sauti ile ya chini kutokana na zile za juu zinazoambatana nayo. Ukichezea hizo za juu, ukaweka waya unaolia badala ya utepe unaonguruma, umebadilisha kila kitu kilichokaa juu ya besi. Gitaa la solo linaanza kugombana na wewe. Mpiga kinanda anasogeza mkono wake wa kushoto bila kujua kwa nini. Yeye akasema nani atasikia.

Halafu akanidai pesa ya nyuzi mpya. Nikalipa. Sijui kwa nini nililipa; nadhani nilitaka tu kutoka mle ndani na gitaa langu. Kama ningeandika usiku ule, maandishi haya yangekuwa na sentensi moja: msiende.

Lakini nikafika nyumbani, nikachomeka. Jeki: hakuna mkwaruzo, hakuna kukatika, unaweza kuuzungusha waya mzima na sauti inabaki imesimama. Nikafungua kuangalia, nikakuta ameilehemu vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani, risasi imetulia inang'aa, na waya wa ardhi ambao sikumwambia ulikuwa unataka kuachia ameurudishia. Ndiyo maana ule mvumo uliokuwa unasikika nikiondoa mikono kwenye nyuzi ulikuwa umepungua sana. Shingo nayo sina la kusema. Freti ya kwanza hadi ya mwisho uzi unalia safi, vidole havichoki, naubana kwa nguvu ndogo na noti inatoka kamili. Akapanga na daraja: noti ya freti ya 12 na ile ya kuugusa tu uzi hapo hapo juu ya freti zinalingana kwenye nyuzi zote nne. Tangu nilimiliki gitaa hili halijawahi kuwa hivi. Nikaanza kujiuliza kama nimemwonea mzee wa watu. Wengi wanaompelekea magitaa bila shaka wanapeleka ya nyuzi zilizoota kutu, na kwao kufungiwa mpya ni hisani. Mazoezini nikapiga na zile za mviringo, na mpiga solo akasema leo besi inasikika. Nikakaribia kumsamehe.

Ila “inasikika” ndiyo ilikuwa shida. Ilisikika mno. Kila kidole kikihama, “zwii”. Noti ikakataa kufa pale ninapotaka ife, ikabaki inalia juu ya mapigo ya mwenzangu. Nikavumilia majuma kadhaa, kisha nikanunua nyuzi bapa mpya na kuzifunga. Hasira ikarudi yote, kwa sababu bapa nilizozifunga, kama bapa nyingi, zinavuta shingo kwa nguvu kuliko zile za mviringo. Alikuwa ameipima shingo kwa nyuzi ambazo mimi sitazipiga kamwe! Shingo ikapinda mbele zaidi, nyuzi zikapanda juu katikati, mkono wa kushoto ukaanza kuuma baada ya nyimbo chache. Ile kazi nzuri niliyoisifia hapo juu, nusu yake ikapotea, na ningekuwa nayo hadi leo kama angepima na kuacha kilichokuwepo.

Nikamrudishia. Sikwenda kugombana, nilikwenda na maneno machache niliyoyapanga njiani: kwamba shingo imepinda kwa sababu nimerudisha aina yangu ya nyuzi, na kwamba ziko na zitakaa. Alisikiliza. Hakuomba radhi, hata nusu ya neno. Akachungulia shingo kwa jicho lile lile moja, akachukua ufunguo, akakaza kidogo, akaniambia nipige. Nikapiga. Akakaza tena, kidogo mno. Nikapiga. Ikakaa. Nikatoa pesa, akasukuma mkono wangu, akasema, “Nenda.” Kisha, nikiwa nafunga mfuko: “Hizi nyuzi hazina maisha lakini.”

Mnaona sasa ninavyopata taabu kumpima mtu huyu. Kwa jeki na shingo sijaona mwenye mkono kama wake, na nikisema msiende nitakuwa nasema uongo. Kwa heshima ya chombo na mwenye chombo, amenikosea, na kutokuchukua pesa siku ile hakujarudisha kitu. Nyuzi mpya zina mlio wa juu ambao itanichukua miaka kuumaliza kwa vidole. Nazipiga kila jioni, kwa makusudi, mistari mirefu, ili zichakae. Wenzangu wanasema tofauti ni ndogo. Mimi naisikia kila noti.

Nikihitaji fundi tena nitakwenda kwake, kwa jeki, kwa waya, kwa shingo. Nitasimama pembeni ya meza yake hadi amalize, hata kama ni siku nzima, na koleo litakaa upande wangu.