Mafunzo ya dharura za uzazi: "Tuchukulie umeshaita"

Nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira, nikasubiri. Hasira haikuondoka, basi naandika nayo. Anayetaka kujua mafunzo ni ya siku ngapi, mada ni zipi na cheti kinatambuliwa wapi, awaulize waandaaji. Tangazo lao linaeleza yote hayo vizuri. Mimi nina neno moja lililonikaa rohoni, na neno lenyewe ni "tuchukulie".

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekesha leba miaka ya kutosha kujua kwamba mama akianza kumwaga damu baada ya kujifungua, cha kwanza unachohitaji ni mtu wa pili. Mikono yako miwili haitoshi. Mmoja uko juu ya tumbo unakandakanda mfuko wa uzazi. Huo mwingine uchome oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo? Uweke kanula, kile kijibomba cha dripu kwenye mshipa? Utoe mkojo, ukague kondo la nyuma kama limetoka lote, utafute palipochanika, na mtoto je, anayelia hapo pembeni? Ndiyo maana kila mwongozo wa kukabili damu nilioupitia unakutaka uite msaada mapema, kabla hujajitumbukiza kwenye mengine.

Siku ya pili, au labda ya tatu, ikafika zamu ya kundi letu kwenye doli. Doli lenyewe ni lile la kuvaa: mwenzako analifunga tumboni anakuwa mama, ndani kuna mfuko wa damu ya bandia, na yeye aliyelivaa ndiye anayeamua mfuko wa uzazi ukaze au ulegee. Ni kifaa kizuri, hilo silibishi. Tulikuwa wengi na doli moja, kwa hiyo nilikuwa nimeingoja zamu yangu tangu asubuhi. "Nikamzalisha" mwenzangu, kondo likatoka, nikaweka kiganja juu ya tumbo na kuhisi mfuko umelegea kabisa. Damu ikaanza kushuka kwenye shuka. Nikafanya kama nifanyavyo kazini. Niligeuza shingo upande wa mlango nikapaza sauti: "Msaada! Mama anatoka damu, njooni!"

Mwezeshaji, ambaye ni daktari, alikuwa amesimama kando ya projekta na simu mkononi. Hata hakuinua uso. "Sista, punguza sauti, hapa si sokoni," akasema. Baadhi ya washiriki wakacheka. Nikamwambia kwa heshima, "Daktari, hatua ya kwanza ni kuita." Akajibu, bado anaangalia simu: "Tuchukulie umeshaita. Nenda hatua ya pili."

Nikaenda hatua ya pili. Kwenye hatua ya tatu akasema tuchukulie kanula imeingia. Kisha tuchukulie oksitosini imeshachomwa, tuchukulie dripu inakwenda. Nilipotupa jicho kando nikaona wanaofuata wameshapanga foleni. Nikavua glavu. Sikupewa hata dakika tano.

Kutoka hapo nikawa nalisikia neno hilo kila mahali, na kusema kweli siwezi kuapa kwamba lilitamkwa mara nyingi kama ninavyolikumbuka. Lakini zoezi la kifafa cha mimba nalikumbuka barabara. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa hicho, tuliitaja wote kwa pamoja kama watoto wa shule: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 ndani ya msuli, nusu kila tako. Mwenzetu mmoja kutoka kituo kidogo akanyoosha mkono akaomba aichanganye dawa kwa vitendo, hata kwa ampuli tupu na maji. Alikuwa na sababu. Dawa iliyopo kituoni kwake ni ya asilimia 50, na huwezi kuisukuma hivyo ilivyo kwenye mshipa. Unavuta mililita 8, unaongeza maji ya sindano mililita 12, ndipo unapata mililita 20 zenye gramu 4 zako. Ukiwa umeketi kwenye kiti hesabu hiyo ni nyepesi. Ifanye basi saa nane usiku, mama anatupa miguu na mikono kitandani, mume wake anagonga mlango, na ampuli za kukata ni zaidi ya moja. Jibu alilopewa: "Tuchukulie dawa imeshachanganywa, muda hautoshi."

Muda ulitosha kwa slaidi. Tulionyeshwa grafu za vifo na ramani zenye rangi. Hatuhitaji kuonyeshwa kwamba akina mama wanakufa. Sisi ndio tunaowafunika shuka. Jioni ile nilimpigia dada yangu, naye ni muuguzi, nikamwambia mafunzo haya asiyatamani. Nikiulizwa usiku ule ningetoa nyota moja, tena kwa shingo upande.

Sasa nimfikie mama mkunga.

Alikuwa mwezeshaji msaidizi. Mtu mzima, mpole, siku zote za mwanzo alipewa kazi ya kugawa karatasi na kusainisha mahudhurio. Siku ya mwisho daktari alichelewa, yeye akaachiwa ukumbi mpaka atakapofika. Akatutoa tusimame kando ya ukuta. Alikuwa ameandaa ndoo ya maji mekundu. Akamwaga mengine kwenye shuka, mengine akalowesha pedi, mengine sakafuni, mengine kwenye beseni yakiwa yamechanganyika na maji safi, kama inavyokuwa chupa ikishapasuka. Akasema kila mtu aandike ni damu kiasi gani, asimwonyeshe jirani.

Niliandika mililita 400. Wakunga wa miaka mingi kuliko mimi waliandika 300, mmoja 250. Akainua jagi alilopimia: alikuwa amemwaga 900.

Ukumbi ulinyamaza. Wote tunajua kwamba damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hiyo ni dharura. Sote, kwa macho yetu haya tunayoyaamini, tungekuwa bado tumekaa tunajaza faili. Akatueleza bila kupandisha sauti kwamba jicho huiba damu, na huiba zaidi kadiri damu inavyozidi. Ndipo akatoa ule mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya makalio ya mama, damu ikakusanyika humo ukaisoma. Akatusimulia utafiti wa E-MOTIVE uliotoka mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa zaidi ya wanawake 200,000: damu ilipimwa kwa mfuko kama huo, na ilipovuka kiwango matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo mmoja badala ya kujaribu hili, kungoja, kisha kujaribu lile. Kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, dripu, uchunguzi wa chanzo, na kuita mkubwa zaidi damu isipokoma. Matatizo makubwa ya damu yalipungua kwa asilimia 60. Nilikuwa nimeshausikia utafiti huo. Siku ile, nikiwa nimeshika karatasi yangu yenye 400, niliuelewa.

Kisha akataka doli. Akamchagua binti mmoja, mkunga mchanga, ambaye tunafanya kazi wodi moja. Binti huyu alikuwepo siku niliyoambiwa hapa si sokoni, na tangu hapo kila alipofika kwenye hatua ya kuita alikuwa ananong'ona. Akaanza zoezi, damu ikashuka, akasema kwa sauti ndogo, "Naomba msaada." Mama mkunga akamzuia mkono.

"Nimekusikia mimi kwa kuwa nimesimama hapa, mwanangu. Mwenzako wa zamu yuko chumba cha mwisho. Muite huyo."

Akaita tena. "Bado." Akaita mara ya tatu, na mara ya nne sauti ikamtoka yote, mpaka mfanyakazi wa usafi akafungua mlango wa ukumbi na ufagio mkononi, anatweta, anauliza nani ameumia. Mama mkunga akamgeukia binti akasema, "Sasa umeita. Hatuchukulii, tunafanya." Akamfundisha na nusu ya pili, ambayo mimi mwenyewe sikuwa naifanya vizuri: kila anayekuja apewe kazi kwa jina lake, naye akiimaliza aseme kwa sauti kwamba imekwisha. Wewe kanula. Wewe dawa. Wewe andika saa.

Ilikuwa nusu saa, labda na dakika chache juu. Daktari akaingia, tukarudi kwenye slaidi. Nilipopewa fomu ya maoni niliandika pongezi tupu kwa yule mama, na kwa ajili yake nikayapa mafunzo yote alama ya juu. Leo najuta kidogo, na nitasema kwa nini.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa zamu ya usiku na binti huyohuyo. Mimi nilikuwa chumba cha mwisho na mama aliyekuwa anasukuma. Yeye alikuwa amemaliza kuzalisha upande wa pili, salama, kondo limetoka. Nikasikia jina langu likiitwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Sista! Njoo! Damu!" Mhudumu akabaki na mama yangu huku mkunga wa wodi ya jirani akija kumpokea, mimi nikakimbia. Nilimkuta anakandakanda, kanula moja imeshaingia, mfuko wa vipimo uko chini ya makalio na umepita 500. Akanitazama akasema, "Dawa."

Nikaenda kwenye friji. Oksitosini yetu hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, ndivyo inavyotakiwa isiharibike. Friji ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu wa zamu ya mchana aliyeshakwenda nyumbani.

Nilisimama mbele ya ile friji nikamsikia yule daktari kabisa masikioni. Tuchukulie oksitosini imeshachomwa.

Tulikuwa na misoprosto kwenye kabati, nayo hukaza mfuko wa uzazi. Vidonge vinne vya mikrogramu 200 chini ya ulimi. Traneksamiki ilikuwa kwenye trei ya dharura, gramu 1 ikaenda polepole kwenye mshipa. Ile inatakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua na sisi tulikuwa ndani ya dakika, namshukuru Mungu. Dripu ya pili. Binti akaingiza ngumi ukeni, mkono wa pili juu ya tumbo, akaubana mfuko wa uzazi katikati ya mikono yake, na akashikilia hivyo huku jasho linamdondoka puani, wala hakuniomba nimpokee mpaka mimi nilipomwambia. Mhudumu alivunja kufuli kwa kipande cha chuma. Sijui ilichukua muda gani, kwenye maandishi ya usiku ule inaonekana ni dakika chache. Oksitosini ikaingia. Mfuko ukakaza chini ya mkono wangu, ukawa mgumu kama unavyopaswa.

Mama yule aliongezewa damu, akapona, akaenda nyumbani na mwanawe. Anamnyonyesha.

Sasa niambieni nitoe nyota ngapi. Bila yale mafunzo binti asingeita, na mimi nisingesikia. Hilo nina hakika nalo kwa sababu najua alivyokuwa kabla. Lakini bila mafunzo hayohayo asingefundishwa kunong'ona pia. Na katika siku zote zile za ukumbini, hakuna mtu hata mmoja aliyetuuliza: kwenu dawa inakaa wapi, ufunguo anao nani, usiku nani analala karibu? Maswali hayo hayatoki kwenye slaidi. Yangetoka kama tungefanyia mazoezi leba kwetu, kwa trei yetu, friji yetu na watu wetu wa zamu, hata robo saa kila wiki, tukakutana na kufuli mchana kweupe kabla halijatukuta usiku.

Wenzangu wanaoniuliza kama waende, nilikuwa nawaambia wasiende. Nafuta. Nendeni. Mkiambiwa tuchukulie, kataeni kwa adabu, simameni hapohapo kwenye doli mpaka muachiwe mfanye. Changanyeni ile magnesiamu kwa mikono yenu. Mkimkuta mama mtu mzima anayegawa karatasi, mkae karibu naye.

Nyota tatu. Nilikuwa nimeandika mbili, nikakumbuka mikono ya binti. Siku nikisikia yule mama ndiye anayeshika ukumbi tangu asubuhi ya kwanza, nitarudi hapa nizibadilishe.