Begi la lita 40 kwa miezi minne ya joto, masika na vumbi

Nimelitumia begi hili la mgongoni kwa miezi minne mfululizo: Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja katikati ya masika, kisha Mwanza, Rusumo hadi Kigali, Kabale, Kampala, na Nairobi mwezi wa saba. Ni la lita 40, nailoni yenye utando wa poliyurethani kwa ndani. Jina la kampuni naliacha, maana mabegi ya muundo huu yanashonwa na wengi na kasoro zao ni zilezile. Nalipa nyota 4 kati ya 5.

Ukubwa wake ndio uzuri wake. Likijazwa bila kulazimishwa lina urefu wa sentimita 54, upana 34 na kina 22, kwa hiyo ndege nyingi unapanda nalo mkononi. Pabaya ni kwenye mzani, kwa sababu mashirika mengi yanaishia kilo 7 na begi tupu tayari lina kilo 1.3. Langu likiwa na vitu vyote linasoma kilo 5.9. Hiyo kilo moja ya akiba ni ya maji na chakula cha njiani. Kwenye basi faida inazidi, kwani linakaa miguuni au kwenye kerea juu ya kiti, na huna haja ya kulikabidhi kwenye buti. Buti la basi la masafa marefu lina vumbi, madumu ya mafuta na wakati mwingine ndoo ya dagaa, na ukilitoa begi huko huna la kumwambia konda.

Wengi wakipanga safari ya namna hii huhesabu kilo. Kwa ukanda wetu mimi huhesabu saa za kukauka. Nguo ambayo haikauki usiku mmoja inadai mwenzake wa kuvaliwa kesho, na mwenzake naye akilowa anadai wa tatu. Begi hujaa kwa njia hiyo. Suruali ya jinzi iliyofuliwa Unguja mwezi wa nne, ikaanikwa ndani, siku ya pili bado ina unyevu kiunoni na kwenye mifuko, na siku ya tatu inanuka. Suruali nyembamba ya poliesta iliyochanganywa na pamba kidogo ukiifua saa 1 jioni, asubuhi unaivaa. Kwa kipimo hicho nimebaki na fulana 3, shati 1 la mikono mirefu, suruali 2, kaptula 1, chupi 4, soksi jozi 3, sweta 1 jepesi, koti 1 la mvua na kikoi. Seti moja kati ya hizo iko mwilini, na viatu vilevile. Viatu vya ndani ya begi ni ndala tu.

Namna ya kufua ina uzito kuliko aina ya nguo. Sabuni ya mche, kipande cha upana wa vidole viwili, kinafulia wiki mbili na hakimwagiki wala hakikaguliwi na mtu. Loweka robo saa, fikicha kwapani na kolani, suuza mara mbili. Usikamue kwa nguvu zote, utavuta mishono. Tandaza kikoi kikavu kitandani, laza nguo juu yake, viringisha kama mkeka, kisha weka sakafuni na ukanyage kwa kisigino kuanzia ncha moja hadi nyingine. Kikoi kitanyonya maji mengi kuliko mikono yako itakavyokamua. Baada ya hapo anika chini ya pangaboi, nguo zikiachana kwa kiganja kimoja, na uache feni usiku kucha. Umeme ukikatika, fungua madirisha ya pande mbili na uombe upepo. Kamba ya kuanikia nabeba ya mita 3, ya mpira uliosokotwa, ambayo unachomeka pindo la nguo katikati ya nyuzi bila vibanio.

Taulo za kisasa zinazosifiwa kukauka haraka nimeziacha. Kikoi kina gramu 350 hivi na kinafanya kazi ya taulo, shuka, pazia, mto kwenye basi na vazi la kuendea bafu la nje. Kwa wanawake doti moja ya khanga inazidi hapo, kwa sababu ukiikata unapata vipande viwili: kimoja kichwani au begani, kingine kiunoni, na mji wenye staha unapita nao bila kubeba nguo za ziada.

Ukianika nje bara, hasa kivulini au juu ya majani, kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Mayai huangulika, na buu likigusa ngozi hupenya na kufanya uvimbe unaofanana na jipu, wenye kitundu kinachopumua. Dawa ni pasi ya moto, pande zote mbili za nguo, ukikazania mishono na mpira wa chupi. Pasi huhitaji kubeba, nyumba za wageni nyingi wanayo, hata ikiwa ya mkaa.

Sasa nyota iliyokatwa. Ule utando wa ndani ndio unaozuia maji, na joto likikutana na unyevu kwa miezi huuvunja taratibu. Unaanza kunata: ukikunja kitambaa kikajigusa, kinaachana kwa sauti kama ya gundi. Kisha harufu chachu, na mwisho utando unabanduka vipande vyeupe vinavyoganda kwenye nguo. Langu lilifikia hatua ya kunata chini ya begi, mahali nguo mbichi zilipokuwa zikikaa, na mahali pengine pote ni pazima. Sababu ni yangu na ya muundo kwa pamoja. Usilifunge likiwa na kitu kibichi ndani. Ukifika, limwage lote, ligeuze, liache wazi kivulini. Lioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, mashine ya kufulia isiliguse. Na ukinunua begi la mtumba, ingiza mkono hadi chini, bana kitambaa kwa kidole na gumba kwa muda mfupi, kisha achia. Kikinata, mrudishie muuzaji hata kama kwa nje linang'aa. Nailoni yenye utando wa silikoni haina ugonjwa huu, ila bei yake ni ya juu.

Mfuniko wa mvua uliokuja na begi sikuupenda. Hauzibi upande wa mgongo, maji hushuka kwenye mikanda na kujikusanya chini kama kwenye bakuli, na juu ya bodaboda upepo huutoa. Niliubadilisha na mfuko wa nailoni wa lita 20 unaokunjwa mdomo, ambao unakaa ndani ya begi. Mdomo ukunje mara 3 kabla ya kufunga kifungo; ukikunja mara moja maji yanapita. Mifuko ya plastiki usiitegemee: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na mpakani wanaweza kukwambia uimwage hapo hapo. Vitu vidogo navigawa kwenye vimfuko vya wavu.

Kompyuta na vitabu vinakaa kwenye mfuko wa nyuma unaogusa mgongo. Wabunifu wanauweka hapo ili uzito ukae karibu na mwili, na hesabu yao ni sahihi, ila jasho la Dar hupenya sponji na kuingia. Kila kitu cha umeme na pasipoti kiwe kwenye mfuko wake usiopitisha maji.

Zipu nazo. Boti ya Unguja hurusha maji ya chumvi, chumvi ikikauka hukwaruza meno ya zipu na kichwa chake kinakuwa kigumu. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, ikauke, kisha sugua meno kwa mshumaa. Zipu ikifunguka nyuma ya kichwa, meno kwa kawaida hayana kosa, kichwa ndicho kimepanuka. Kibane taratibu kwa koleo, upande wa kushoto kisha wa kulia, nusu milimita tu. Kikikataa, fundi cherehani atabadilisha kichwa bila kung'oa zipu nzima.

Kuhusu dawa ya mbu: yenye DEET, kemikali inayofukuza mbu, huyeyusha baadhi ya plastiki. Ikivuja ndani ya begi inaweza kuharibu vifungo, kioo cha saa na mpira wa nguo. Nunua chupa ndogo, iweke peke yake mfuko wa nje, na ukipaka mikononi usishike vifungo kabla haijakauka. Rangi ya begi pia isikudanganye dukani. Langu ni la kijivu, na ningeshauri hivyo hivyo, kwa sababu bluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, na mabaka ya kijeshi yanaweza kukupeleka kituoni Uganda au Kenya.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani tropiki yote ni joto. Kigali iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800, Kabale inakaribia 2,000. Nairobi mwezi wa saba usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Sweta jepesi chini ya koti la mvua linatosha kabisa, jaketi nene usilibebe.

Umeme: Kenya, Tanzania na Uganda soketi zina matundu matatu ya mstatili, Rwanda utakuta ya duara. Kiunganishi kimoja kidogo kinatosha. Betri ya akiba ya mAh 20,000 ni takriban Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 cha ndege, ila lazima upande nayo ndani. Ukiiacha kwenye mzigo wa chini watakuita.

Vilivyobaki nimeviacha kwa makusudi. Fulana ikichanika kuna masoko ya mitumba: Karume pale Dar, Owino Kampala na Gikomba Nairobi, na kwa bei ya chakula cha mchana unapata nyingine. Kitu ambacho hukipati kwa urahisi njiani ni viatu vya namba kubwa, dawa zako za kila siku na cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe siku 10 kabla ya mpaka wa kwanza, kwani kabla ya hapo cheti hakihesabiki, na karatasi yenyewe ikunjwe ndani ya pasipoti, isikae chini ya begi pamoja na ndala.